Sentimita Tisini na Mbili

Kazi yangu ni kupima ardhi, na hasira zangu ziko karibu. Mke wangu akinitambulisha kwa wageni hutaja mambo haya mawili kwa mkupuo mmoja, kama jina na ubini. Nayasema mapema kwa sababu bila hayo habari za bwawa hazieleweki.

Mimi ni mwenyeji wa nyanda hizi kavu. Kijijini kwetu maji tulichimba mchangani, kwenye mto ambao juu yake hayapiti maji ila mbuzi, tukakaa na kibuyu tukingoja shimo lijae kidogo kidogo. Kuogelea sikufundishwa wala sikujua kwamba kuna watu hufundishwa. Hadi leo nikiingia bwawani nashika ukingo kwa mikono yote miwili na kuwaambia watu nimefurahi hapo hapo. Kwa hiyo binti yangu alipoanza kuogelea, na alipofika miaka kumi akawa anakata maji bila kurusha hata tone, niliona fahari ambayo nilishindwa kuificha. Nilimsimulia kila mtu ofisini. Hata madereva walinikimbia.

Kila likizo ya mwezi wa sita, kocha mmoja, mwanamke ambaye siku nyingine ni mwalimu wa shule ya msingi, hukusanya watoto kumi na wawili kwenye bwawa la hoteli moja iliyoko njia ya kwetu, Mkonze. Wengi ni watoto wa watumishi waliohamia na ofisi zao. Maji ya bwawa huletwa na boza. Njia za kuogelea ni nne, zimetenganishwa kwa kamba zilizofungiwa chupa tupu za maji ili zielee. Asubuhi za mwezi huo Dodoma ina baridi ya kung'ata masikio, na upepo unaokujazia vumbi kwenye chai, lakini watoto hujitupa majini huku sisi wazazi tumejifunika makoti. Likizo ikielekea mwisho hufanywa mchujo, na watoto wanne wenye muda bora hupelekwa Morogoro kushindana na wenzao. Ni wanne tu.

Hiyo namba ndiyo iliyotuharibu. Wiki ya kwanza tulikuwa wazazi wanaogawana maandazi. Wiki ya pili baba mmoja alikuja na saa ya kupimia muda imening'inia shingoni kama filimbi ya mwamuzi, na wiki ya tatu hakuna aliyekuwa anamuuliza mwenzake mtoto ameamkaje, maana jibu lingeweza kuwa la uongo. Mimi nilikuwa miongoni mwa wabaya zaidi. Nilimkataza binti yangu kula chapati tatu siku za mazoezi, na mama yake akaniuliza kama nafuga mtoto au farasi.

Mpinzani wangu, maana nilikuwa na mpinzani, alikuwa mama mmoja anayeishi Makole, mtumishi wa Bunge. Kazi yake ni kuandika yanayosemwa ukumbini, neno kwa neno, na kila alipopata nafasi nje ya vikao vya Bunge la bajeti alihamishia ustadi huo bwawani. Alikuwa na daftari. Aliandika muda wa kila mtoto, pamoja na wa kwangu. Yeye aliniita Bwana Ardhi, nami nikamwita Dada wa Bunge, tukicheka kwa meno tu. Binti yake na wangu walikuwa umri mmoja na mwendo mmoja. Leo wa kwake alitangulia kwa kiganja, kesho wa kwangu. Watoto wenyewe walishikana mikono kutoka getini hadi majini, wakala kwenye kifuko kimoja, na wakasukana nywele zikiwa mbichi. Jambo hilo lilinikera kidogo, nakiri.

Jumatano ya kabla ya mchujo nilianzia asubuhi Nkuhungu kwenye ugomvi wa mpaka. Mzee mmoja alikuwa amehamisha bikoni, lile jiwe la mpaka, akaliingiza kwa jirani yake hatua moja. Nilipompata kwa kipimo hakukana. Alisema, "Mwanangu, ni hatua moja tu. Nani ataiona?"

Nikamjibu kwa heshima zote, mbele ya jirani na mwenyekiti wa mtaa. "Mzee wangu, hatua ikiwa ya jirani ni ya jirani, hata asipoiona."

Watu walitikisa vichwa wakakubali. Nilijisikia vizuri sana. Nikapanda gari kwenda kumchukua binti yangu nikiwa bado nairudia ile sentensi mdomoni, kwa kuwa ilikuwa nzuri.

Nilifika bwawani mapema kuliko kawaida. Mazoezi yalikuwa yamekwisha, watoto wako kwenye vyumba vya kubadilishia nguo, kocha anakunja kamba. Nikaketi kwenye kiti cha plastiki nikaangalia maji. Jicho langu lina ugonjwa wa kazi, haliwezi kuona kona bila kuikagua. Niliangalia ukuta wa mbali nikaona haukai sawa. Umekwenda mshazari, kidogo mno, kiasi ambacho mtu mwingine angesema ni kivuli. Nikageuza shingo. Nikafumba jicho moja. Bado.

Kipima umbali cha leza kilikuwa mkobani tangu Nkuhungu. Nikakitoa, nikakiweka ukingoni kwenye njia ya kwanza, nikabonyeza. Mita ishirini na moja kamili. Nikahamia ya pili, nikahamia ya tatu. Njia ya nne, iliyo upande wa jikoni, ikasoma mita ishirini na sentimita nane. Nikarudia mara tatu kama nilivyofundishwa. Fundi aliyejenga bwawa lile alikosea kona, na kosa lake lilikuwa sentimita tisini na mbili.

Mhudumu wa hoteli, dada mwenye trei ya glasi, alikuwa amesimama nyuma yangu. "Vipi bosi," aliniambia, "ndiyo mnakuja kutubomolea?"

"Hapana dada, najaribu kifaa tu."

Huo ulikuwa uongo wa kwanza, na ulitoka bila kusukumwa. Kabla sijafika kwenye gari nilikuwa nimeshapiga hesabu. Binti yangu huogelea karibu mita moja kwa sekunde. Tisini na mbili ni karibu sekunde nzima. Yeye na mwenzake wa Makole hawakuwahi kuachana hata nusu yake.

Nilipaswa kumwambia kocha pale pale. Alikuwa hatua kumi kutoka nilipo, anahangaika na kamba, na angenishukuru. Nikajiambia nitamwambia Alhamisi. Alhamisi nikajiambia nitamwambia baada ya mchujo, ili nisivuruge ratiba. Naandika haya leo na bado uso unanipata moto nikikumbuka neno hilo, ratiba.

Kocha alikuwa na utaratibu wake wa kugawa njia. Aliwapanga watoto makundi matatu ya wanne wanne, akabandika karatasi mlangoni, na katika kila kundi mzazi anayefika kwanza anamchagulia mtoto wake njia. Aliona ni haki, kwa sababu aliamini njia zote ni sawa. Binti yangu na yule wa Makole walikuwa kundi la kwanza.

Jumamosi nilimwamsha mtoto jua likiwa halijachomoza. Tulifika getini mlinzi akiwa anakunja blanketi lake, na nyuma yetu ikaingia gari ya Dada wa Bunge. Tulisalimiana. Kisha tukaanza kutembea kuelekea mlangoni, yeye na mimi, kwa ule mwendo wa watu wazima wasiotaka kuonekana wanakimbia. Viatu vyake vilikuwa vya kisigino, hilo ndilo lililoniokoa. Nikashika kalamu nikaandika jina la binti yangu kwenye njia ya nne.

Aliangalia nilipoandika. Halafu akachukua kalamu akamwandika wa kwake njia ya tatu.

Binti yangu alikuja akasoma karatasi. "Baba, mimi naomba njia ya kwanza."

"Ya nne ni nzuri."

"Lakini baba..."

"Nimesema ya nne."

Aliniangalia kwa muda, halafu akasema, "Haya," akaenda kuwafuata wenzake. Niliwaona wakizungumza wanne, vichwa pamoja, taulo mabegani. Nilidhani ni woga wa mchujo.

Wazazi tulijipanga ukingoni. Watoto wa kundi la kwanza wakasimama, vidole vya miguu vimeshika ukuta, na mwanangu alikuwa anatetemeka kwa baridi. Kocha akapuliza filimbi. Njia ya kwanza na ya pili wakaruka. Wa tatu akabaki amesimama. Wa kwangu naye akabaki amesimama, midomo inacheza, kama mtu anayesali. Wa tatu akaruka. Kisha, baada ya kitambo kidogo ambacho kwangu kilikuwa mwezi mzima, akaruka wa kwangu.

Sitaandika yote niliyopiga kelele. Nilisema "Nenda," nilisema "Umelala," na nilisema jambo moja kuhusu chapati. Baba mwenye saa shingoni alisogea pembeni. Binti yangu aliogelea vizuri kuliko nilivyowahi kumwona. Yule wa njia ya kwanza alifika mbele, wa Makole akawa wa pili, na wa kwangu akagusa ukuta nyuma yake kwa kiganja.

Kabla hajatoka majini nilikuwa mbele ya kocha. "Mwalimu, kundi hili lirudiwe. Filimbi haikusikika upande ule. Mtoto wangu amechelewa, na hata yule wa njia ya tatu amechelewa, umeona mwenyewe."

Nilimtaja na wa Makole ili nionekane natetea haki. Sauti yangu ilikuwa juu, na bwawa zima lilinisikia.

Kocha aliwaita wale mabinti wawili. Walikuja wanachuruzika maji. "Mlisikia filimbi?"

"Tulisikia, mwalimu," wakajibu pamoja.

"Mbona mkasimama?"

Walitazamana. Binti yangu ndiye aliyesema. "Nilikuwa nasema samaki."

Kocha akaomba aelezwe, na hapo watoto wote kumi na wawili wakataka kueleza. Tulichopata, baada ya kutulizana, ni hiki. Njia ya nne ni fupi. Waligundua siku za mwanzo, kwenye michezo yao kabla mazoezi hayajaanza, kwa sababu mabinti hawa wawili huwa sawa siku zote, lakini anayekaa njia ya nne anashinda. Walibadilishana mara nyingi, ikawa hivyo hivyo. Basi wakapanga kwamba anayeogelea njia ya nne, filimbi ikilia, anasema samaki kimoyomoyo, taratibu, ndiyo anaruka. Wa njia ya tatu, ambayo imepungua kidogo tu, anasema sama. Hakuna aliyewafundisha, na hakuna aliyewasimamia. Wakipanga mashindano yao wenyewe, mtu asiposema samaki wanamwambia atoke arudie, naye anatoka. Leo walikubaliana wafanye vile vile, kwa kuwa ni mchujo.

"Kwa nini hamkuniambia?" kocha aliuliza.

"Tulishapanga, mwalimu," alisema yule wa Makole, kama vile jambo lililokwisha kupangwa halina cha kuambiwa mtu.

Kocha aliangalia ukuta wa mbali, akainamisha kichwa upande mmoja. Kisha akanigeukia. "Bwana Ardhi, si wewe ndiye mpima? Hebu tusaidie. Kachukue kifaa chako utupimie, tujue kama ni kweli."

Wote wakanitazama. Watoto ndio walionitazama zaidi, wale kumi na wawili, kwa uso wa watu wanaongoja kitu, na sikuelewa kwa nini. Kifaa kilikuwa kwenye gari, mwendo wa dakika moja. Ningekwenda, ningerudi, ningebonyeza, ningeshangaa pamoja na wenzangu. Ingekuwa rahisi. Nilianza hata kugeuka.

Lakini nilimwona mwanangu amesimama pale anatetemeka, ametoka kuacha sekunde yake ukingoni kwa hiari yake, na nikamkumbuka yule mzee wa Nkuhungu na jiwe lake. Miguu ilikataa.

"Tisini na mbili," nikasema.

"Umesemaje?"

"Njia ya nne ni fupi kwa sentimita tisini na mbili."

"Umejuaje bila kupima?"

"Nilipima Jumatano."

 Pampu ya bwawa ndiyo iliyosikika, na mtu jikoni akiosha masufuria. Nilingoja aibu, nayo ilikuja, lakini nyuma yake kilikuja kitu ambacho sikukitegemea. Nilipumua. Kifua kililegea, kama unavyovua kiatu kilichokubana tangu asubuhi, na nikagundua kwamba kwa siku tatu nilikuwa sijala wala kulala sawasawa, nikidhani ni mafua.

Ndipo Dada wa Bunge akafungua daftari lake, akalifunga tena. "Vigae," alisema, akiangalia chini. "Upande wa jikoni ni pungufu vigae vitatu. Nilihesabu wiki iliyopita. Leo nilitaka njia ya nne, nikakuta Bwana Ardhi amenitangulia, nikachukua ya tatu."

Baba mwenye saa alikohoa, akajifanya anafuta kioo cha saa yake. Hadi leo sijui alikuwa anajua nini.

Kocha alitutazama wote wawili kwa muda mrefu. Ni mdogo kwetu kwa miaka mingi, lakini miaka ya darasani ilikuwa imempa macho. "Wazazi," alisema, "naomba mkakae kwenye viti." Tukaenda tukakaa, mimi na Dada wa Bunge, bega kwa bega, kwenye viti vya plastiki, kama wanafunzi waliokamatwa wakiangalizia. Baada ya muda mwenzangu akanisogezea kifuko cha maandazi bila kunitazama, nami nikachukua moja.

Makundi mawili yaliyobaki yaliogelea kwa utaratibu wa watoto, samaki na sama, na kocha akasema matokeo ya kundi la kwanza yanabaki yalivyo. Alipoyasoma, yule wa Makole alikuwa wa nne. Binti yangu alikuwa wa tano. Tofauti yao ilikuwa ndogo kiasi kwamba kocha alitazama karatasi mara mbili.

Nilijua, na nadhani mama yule alijua, kwamba mwanangu asingesema samaki angekuwa ndani ya wanne bila wasiwasi. Nilikaa nikingoja hasira yangu ije, maana huwa haichelewi. Haikuja. Nilichokuwa nacho ni shukrani tu. Mtoto alikuwa amenusurika kupelekwa Morogoro na baba yake kwa njia ya wizi, na aliyemnusuru ni yeye mwenyewe.

Kwenye gari alikaa mbele, taulo kichwani, anakula chapati ya pili. Sikusema neno kuhusu chapati.

"Pole na Morogoro," nikamwambia.

"Mimi ni wa akiba. Mtu akiumwa naenda mimi." Alitafuna kidogo. "Ila sitaki mtu aumwe."

Tulipita kituo cha mafuta. Nilikuwa natafuta namna ya kuanza, na mwisho nikaanza vibaya. "Unajua kwamba nilipima na sikusema."

"Najua. Nilikuona Jumatano."

Nusura nikanyage breki. "Uliniona wapi?"

"Nilikuwa mlangoni navaa viatu. Nikaona ile taa nyekundu ukutani." Alijifuta mdomo kwa taulo. "Nikawaambia wenzangu baba yangu amepima, atatuambia. Kwa sababu njia ya pili tunabishana. Wengine wanasema na yenyewe ni fupi, wengine wanasema siyo. Tukangoja Alhamisi. Ijumaa tukangoja tena."

Hapo nilisimamisha gari pembeni. Nilielewa sasa zile nyuso kumi na mbili zilikuwa zinangoja nini. Walikuwa wanangoja vipimo. Kwa siku tatu walikuwa wananingojea mimi nimalize ubishi wao, kwa kuwa ndiyo kazi yangu.

"Na leo nilipokuandika njia ya nne," nikasema, "ulifikiri nini?"

Alinitazama, kisha akaangalia chapati yake. "Nilifikiri umesahau kwamba ni fupi. Mama anasema unasahau sana."

Sijui kama aliliamini hilo au alinipa tu. Sikumuuliza. Nilimwambia samahani, nikamwambia kwamba sikusahau, na kwamba nilikosea. Akasema, "Haya," ile ile ya asubuhi, lakini hii ilikuwa nyepesi.

Upepo ulipitisha vumbi mbele ya kioo. Alikuwa bado anaonekana ana neno.

"Kwa hiyo njia ya pili ni ngapi?"

Nikatoa daftari langu la kazi mkobani nikamsomea ukurasa wa Jumatano. Njia ya pili, pungufu sentimita thelathini na moja. Ya tatu, sitini na moja. Ya nne, tisini na mbili. Alinyoosha vidole vitatu, akavikunja kimoja kimoja huku midomo ikicheza, kama nilivyomwona akisimama ukingoni.

"Sa," akasema. "Njia ya pili ni sa. Ya tatu sama, ya nne samaki. Mimi niliwaambia."

Akaniomba simu ampigie mwenzake wa Makole, nami nikampa.